Meneja wa Getini

Jumamosi, 3 Julai 1993

Asubuhi baridi. Ukungu umeshuka mlimani hadi kwenye migomba ya Bigwa, hata bati la choo sikuliona. Saa tatu jua likachungulia, likarudi lilikotoka.

Mbwa amefika. Daktari Yeremia kamleta kwa mkokoteni, kamfunika gunia kama mgonjwa mahututi. Ni daktari wa mifugo lakini bado kijana, hata ndevu zake hazijakubaliana. Akafunua gunia. Mungu wangu! Mbavu, masikio, upele. Kingine hakuna.

Namfahamu mbwa huyu. Ni yule wa getini, kwenye kiwanda chetu cha mataulo. Miaka saba niliyofanya kazi stoo, kila jioni nilimpita amekaa pembeni ya Mzee Gabrieli, mlinzi. Mwezi wa nne kiwanda kikafungwa, eti kinatafutiwa mwenye fedha zake. Sisi tukaambiwa tukasubiri nyumbani. Mzee Gabrieli akarudi kwao Njombe. Mbwa hakuna aliyemwambia kitu! Amekaa na mnyororo wake, anakula wanachotupa wapita njia, mpaka Daktari alipomkuta. Jina lake Meneja. Meneja wa kiwanda mwenyewe alikuwa halipendi.

Mpango ni huu. Nikae naye mwezi huu, nimlishe, nimtibu, nimzoeshe watu. Mzee Pazi, kaka yake Bi Mwaisha mwenye nyumba wangu, anatafuta mbwa wa kulinda stoo yake ya kabichi na viazi vya Mgeta. Atakuja kumwona tarehe 24. Akimkubali, vizuri. Asipomkubali — Daktari hakumaliza. Aligusa tu begi lake, pale inapokaa sindano.

Bi Mwaisha kakubali kwa masharti: mwisho wa mwezi, siku zaidi hapana. Kachora mstari wa majivu katikati ya uwanja. Huku kwangu na mbwa, kule kwake na mkeka wake wa kuswalia na ndoo zake. "Mtani," kasema, "nyie Wanyamwezi mlikuja huku na mizigo kichwani mkasahau kuja na akili. Sasa unaniongezea na mbwa!" Nikamjibu Waluguru walipoona mizigo inakuja wakadhani wataambiwa wabebe, wakakimbilia mlimani, na wengine hadi leo hawajashuka. Tumeelewana.

Jumapili, 4 Julai

Mawingu. Upepo kidogo.

Meneja hataki kula akitazamwa. Nikageuka, nikaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani. Nyuma yangu nikasikia sufuria inaburuzwa. Nilipogeuka — sufuria tupu, naye anatazama mlima kama si yeye.

Kitu cha ajabu. Amelala mlangoni kwangu, lakini mgongo kaupa barabara, uso kauelekeza ndani. Kila nikiamka namwona ananikodolea macho. Mbwa wengine wanalinda nyumba. Huyu anailinda barabara isidhuriwe na mimi.

Jumanne, 6 Julai

Nimemwogesha kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, kama Daktari alivyoagiza. Alisimama kwenye karai anatetemeka, macho kafumba, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Kisha akajikung'uta. Dawa yote ikahamia kwangu.

Jioni nilikwenda jumuiya kusali. Benchi lote nimekaa peke yangu. Mama mmoja kaniuliza kwa upole kama nimeanza kufuga.

Jumatano, 7 Julai

Sabasaba. Jua zuri. Sokoni sikwenda, leo nani ananunua mitumba yangu ya watoto.

Kaingia mtu nisiyemjua, anauliza chupa tupu. Nikasema moyoni, haya Meneja, onyesha kazi. Meneja kanyanyuka. Katikisa mkia! Kamsindikiza yule mtu hadi jikoni, kasimama naye mbele ya masufuria yangu kama anamtembeza dukani. Chupa hatuna, mtu akaondoka mikono mitupu. Meneja akamuaga vizuri tu.

Bi Mwaisha kaona kila kitu kutoka ng'ambo ya majivu. "Mtani, huyo si mlinzi, huyo ni karani wa mapokezi. Mpe na meza!"

Kilichoniuma: mkia. Siku nne namlisha, namsugua upele, mimi hajanitikisia hata ncha.

Jumapili, 11 Julai

Siku ndefu. Niandike kwa mpangilio.

Mama mdogo Felista kaja kutoka Dakawa, kaniletea mchele. Meneja kampokea kama alivyompokea mtu wa chupa. Tukala, tukacheka. Saa tisa mama mdogo akaaga. Mgeni haondoki mikono mitupu, nikamfungia kifurushi: sukari, mche wa sabuni, magauni mawili ya wajukuu. Nikamsindikiza.

Getini Meneja akamshika pindo la kitenge.

Hakung'ata. Ameshika tu, kakaa chini, katulia. Mama mdogo akivuta, naye anakuwa mzito. "Devotha, mtoto wa dada yangu! Umeniita nije kuliwa?" Nikaleta nyama, Meneja kaitazama, hakuachia. Nikaleta maji. Hapana. Nikanyanyua ufagio. Hapo akafumba macho akaanza kutetemeka mwili mzima, kama siku ile kwenye karai — na bado hakuachia. Nikautupa ufagio. Sijui waliwahi kumfanya nini na ufagio. Mama mdogo akatoa rozari.

Ndipo nikakumbuka! Kiwandani, jioni, kutoka kazini. Mikono juu, Mzee Gabrieli anapapasa, akiridhika anasema, "Pita!" Watu walikuwa wanajizungushia mataulo kiunoni ndani ya nguo. Kulikuwa na mama mmoja wa kitengo cha kukunja, alikuwa na mimba miaka miwili, na hakuna aliyeshangaa ila Meneja. Kuingia, ingia utakavyo, nani aibe akiingia? Kazi ya mbwa ilikuwa wanaotoka. Ndiyo maana analala kanitazama mimi!

"Mama mdogo, nyanyua mikono."

"Mikono?"

"Juu, mama, nakuomba."

Nimempapasa mama mdogo wangu, na rozari yake mkononi, mbele ya barabara. Kifuani kwake nimekuta kijiko changu cha chai. Kasema kitakuwa kilidondokea. Nikasema, "Pita!" Meneja akaachia, akapiga chafya, akarudi kulala.

Jumatatu, 12 Julai

Ukungu hadi saa nne.

Daktari Yeremia kaja kumdunga sindano ya minyoo. Nilipomweleza kacheka mpaka kakaa chini. Kisha akajaribu mwenyewe: akachukua debe langu, akaenda nalo getini, akashikwa suruali. "Pita!" kajiambia. Meneja kamwangalia kama mfanyakazi anayejiandikia ruhusa mwenyewe. Nikasema mimi, akaachia. Daktari kasema inaelekea anayemlisha ndiye mwenye geti.

Kisha tukaacha kucheka. Mzee Pazi anataka mbwa wa kuzuia watu wasiingie. Akija tarehe 24 akapokelewa kwa mkia, basi. Tuna siku chache za kumfundisha kubweka.

Ijumaa, 16 Julai

Jana na leo mafunzo. Daktari ndiye mwizi. Kajifunika gunia, karuka michongoma, kachanika. Meneja kamletea kiatu chake kilichobaki kwenye miiba.

Daktari kasema labda hajui kubweka kukoje, nimwonyeshe. Nimebweka. Mimi, Devotha, mwenye cheti cha kidato cha nne, nimepiga magoti nyuma ya pipa la maji nimebweka. Meneja kainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza kwa heshima. Ng'ambo ya majivu Bi Mwaisha akaita: "Mtani! Kilugha chenu hicho? Leo ndiyo nakielewa!"

Mbwa wa jirani wamejibu wote. Meneja peke yake ndiye hakuwa na la kuongeza.

Jumanne, 20 Julai

Baridi kali. Kilele hakionekani.

Manyoya yanaota. Nimegundua ni wa rangi ya kahawia, siku zote nilidhani kijivu. Natembea naye asubuhi hadi mtoni. Akifika getini anasimama mwenyewe, ananitazama, nasema, "Pita," ndipo anatoka. Nisiposema hatoki, hata nikimwita kutoka barabarani.

Jioni nilikuwa nashona vifungo vya mitumba. Akaja, akaweka kidevu juu ya mguu wangu. Mguu ukafa ganzi. Sikuutoa.

Kubweka bado.

Jumamosi, 24 Julai

Jua. Mlima umekaa wazi toka alfajiri.

Mzee Pazi kafika saa nne, koti, kofia ya kiua, na bakora. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mtani wangu. Umeshalipa kodi ya kuvuta hewa ya Uluguru?" Nyuma yake Daktari Yeremia, uso umemsawajika.

Mzee akasukuma geti. Meneja akainuka. Nikasali: bweka, baba, mara moja tu.

Katikisa mkia hadi kiuno kinacheza. Kamzunguka mzee, kamsindikiza hadi kwenye kiti.

Mzee Pazi kaegemeza bakora. "Mtani. Nilisema nataka mbwa. Huyu ni mwenyekiti wa kamati ya mapokezi." Daktari akaanza kusema habari za afya, na manyoya, na minyoo iliyotoka. "Kijana," kasema mzee, "viazi vyangu haviibiwi na minyoo." Akanywa chai. Akasema pole, kweli anatuonea huruma, lakini mbwa huyu hawezi kumchukua. Nikamwona Daktari anatazama begi lake. Nikatazama pembeni.

Mzee akainuka kuondoka. Njiani kuelekea getini akampita mtetea wangu, akamdaka, akamtia kwapani! Utani huo. Haki yake, hata mimi nikienda kwake nitanyanyua kabichi na hana la kusema. "Huyu kuku ni faini," kasema, anakwenda kwa madaha. "Mnyamwezi hakai kwenye milima ya watu bure."

Watu wote tunajua utani. Meneja hajui.

Kamshika suruali. Mzee Pazi kavuta, Meneja kakaa. Mzee kapiga kelele, kuku kapiga kelele, Bi Mwaisha katoka ndani na mwiko. Akaona. Akalalia mlango kwa kicheko. "Suruali hiyo, kaka! Mate ya mbwa uyaoshe mara saba, na moja kwa udongo!"

"Mwaisha, mwambie mtani wako aite mbwa wake!"

"Mtani wangu mimi? Faini wewe ndiye uliyetoza!"

"Ni utani tu!" mzee anamwambia mbwa. "Sikiliza, bwana, mimi na huyu mama ni watani!"

Nikamwomba anyanyue mikono. Akanyanyua mmoja, wa pili una kuku. Nikamtoa kuku, nikampapasa Mzee Pazi kwa adabu zote, koti, mifuko, nikasema, "Pita!" Meneja akaachia. Nikaanza kuomba radhi. Nikaeleza habari ya kiwanda, na mataulo, na yule mama wa mimba.

Mzee Pazi hasikilizi radhi. Kasimama anamtazama Meneja. "Anayeingia hamgusi. Anayetoka na kitu, anamshika?"

"Ndiyo, Mzee. Hata awe mama yangu mdogo."

Akarudi akakaa kwenye kiti. Kavua kofia. "Mtani, wezi wangu mimi hawaingii. Wanatoka! Vibarua wangu wenyewe, na watoto wa dada zangu. Kabichi zinaondoka ndani ya makoti. Kuna mmoja kila jioni anaondoka kanenepa, asubuhi anarudi kakonda. Mwaka mzima nalipa mlinzi atazame barabarani!" Akampa Daktari mkono. "Namchukua. Jumamosi ijayo, tarehe 31."

Daktari kanirukia kwa furaha. Na mimi nimeruka. Nimefurahi sana. Nimefurahi, naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa saa ile.

Kuku karudishwa. Anatembea upande.

Jumatano, 28 Julai

Mawingu, manyunyu asubuhi.

Nimemkuta Bi Mwaisha kasimama kwenye mstari wa majivu, anarusha mfupa upande wangu. Aliponiona kasema ulimponyoka. Mfupa ulikuwa umepikwa, una nyama.

Mstari wenyewe mvua imeufuta. Nikasema niuchore upya? Kasema majivu yamekwisha. Moto unawaka nyuma yake.

Ijumaa, 30 Julai

Nimesugua sufuria yake kwa mchanga. Atakwenda nayo, Daktari kasema mbwa akiwa na chombo chake anazoea haraka.

Sina la kuandika.

Jumamosi, 31 Julai

Asubuhi jua, mchana mawingu, jioni ukungu.

Mzee Pazi kafika saa tatu na kamba mpya, na suruali nyingine, ya zamani. Mkia kapewa kama kawaida. Nikamvalisha Meneja kamba mwenyewe. Nikampa mzee sufuria. Nikamweleza chakula, na kwamba ufagio asiuone, na kwamba akila mtu ageuke. "Mtani," kasema, "hata mke wangu sijakabidhiwa hivi."

Wakaenda getini. Kamba mkono wa kushoto, sufuria mkono wa kulia.

Meneja akasimama. Akatazama sufuria. Akamshika mzee suruali.

Bila shaka! Kitu kinatoka. Mzee akacheka, akaweka sufuria chini. Meneja akaachia. Mzee akavuta kamba. Meneja akakaa. Geti hajawahi kupita bila kuambiwa, hilo nililiandika mimi mwenyewe. Mzee akasema, "Pita!" Bi Mwaisha akasema, "Pita!" Mzee akainua mikono, Bi Mwaisha kampapasa kaka yake, akarudia tena, "Pita!" Meneja anawatazama kama watoto wanaocheza kazini.

Kisha wote watatu wakanigeukia mimi.

Neno moja. Kwa mama mdogo lilinitoka, kwa Daktari, kwa safari ya mtoni kila asubuhi. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Mzee, kwanza chai."

Tukanywa chai. Saa sita nikasema safari ya Mgeta ni ndefu, hawezi kwenda bila kula. Nikauchambua ule mchele wa Dakawa punje kwa punje, nikaupika. Tukala. Mzee akaswali adhuhuri kwa Bi Mwaisha. Akarudi. "Mtani, sema." Nikasema koo linawasha. Akaenda akaswali alasiri. Akarudi. Meneja bado getini, kamba shingoni, sufuria mbele yake, wala hana haraka. Mtu wa zamu.

"Mtani, gari la mwisho linaondoka."

"Naliona, Mzee."

"Kabichi zangu nazo zinaondoka. Sasa hivi, tunavyoongea!"

Nikasema najua, na kwamba ni mbwa wake, na kwamba mpango ni mpango, na kwamba leo ni mwisho wa mwezi na mwenye nyumba alishasema. Hilo la mwisho nimelisema kwa sauti, ili Bi Mwaisha anisaidie. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua macho.

"Mimi nilisema mwisho wa mwezi," kasema. "Sikusema mwezi gani."

Mzee Pazi kamtazama dada yake. Kanitazama mimi. Kamtazama mbwa. Kavua koti, kalitundika kwenye msumari wa mlango wa Bi Mwaisha. "Mmekula njama, Mluguru na Mnyamwezi! Haijatokea tangu dunia iumbwe. Basi nalala hapa hapa. Na kesho, na keshokutwa. Geti liko palepale, mdomo wako uko palepale, tuone." Kisha kaomba chai nyingine, na sukari aongezewe.

Sasa kalala sebuleni kwa Bi Mwaisha, anakoroma hadi huku. Ncha ya kamba kajifunga mkononi, imepita chini ya mlango wake, imevuka uwanja mzima, imeishia kwangu. Meneja kalala kizingitini, mgongo barabarani, uso ndani. Ananitazama. Nimejaribu kulisema taratibu, nione tu kama linatoka. Limetoka mpaka kwenye meno. Kainua sikio moja. Nikajifanya napiga mwayo.

Saa saba kasoro robo usiku, nalala.